HATA BAHARI IMEPATA HATI, MKULIMA BADO

Ndugu wasomaji, wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twataka kuwaonyesheni mahali ambapo mali ya wanyonge imepotea kwa sababu ya daftari lenyewe, tena daftari la serikali, lenye muhuri na sahihi.

Mahali penyewe ni wilaya ya Tangerang, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, nchini Indonesia, kando ya jiji kubwa la Jakarta. Mwezi wa Januari 2025 taifa lile zima liligutuka kusikia kwamba baharini umesimamishwa uzio wa mianzi wenye urefu wa kilomita 30 na ushei, ukipita mbele ya vijiji 16. Wavuvi zaidi ya 3,800 waliingia katika dhiki. Njia waliyorithi kwa baba zao ilikuwa imezibwa, na kila aliyetaka samaki ilimpasa kuzunguka na kuchoma mafuta asiyokuwa na fedha ya kuyanunua.

Watu walipouliza uzio ule ni wa nani, likafumuka jambo kubwa zaidi. Katika maji yale yale, mbele ya kijiji cha Kohod, ofisi ya ardhi ilikuwa imekwisha kutoa hati 280. Hati 263 zilikuwa za haki ya kujenga, na 17 zilikuwa za umiliki kamili. Hati za ardhi, ndugu zetu, juu ya maji ya chumvi! Na nyingi katika hizo za kujenga zilikuwa kwa majina ya makampuni.

Kelele za wananchi zilizaa matunda. Wanamaji wa serikali walitumwa kuing'oa mianzi, waziri wa ardhi akafuta hati nyingi, na Februari mwaka ule ule polisi wakamtaja mkuu wa kijiji na wenzake kuwa watuhumiwa wa kughushi karatasi. Kwa maelezo ya polisi, majina ya wanakijiji yalitumiwa katika karatasi hizo. Kuhukumu watu ni kazi ya mahakama, nasi hatumhukumu mtu. Lakini mtindo ule wa mambo twauhukumu, na twauhukumu waziwazi.

Kwani twauliza: ofisi ile ile iliyoweza kuiandikia bahari hati 280, imeshindwaje miaka yote hii kumwandikia mjane shamba lake la mpunga ambalo kila jirani anajua ni lake?

KIJIJI KILICHO MLANGONI MWA JIJI

Msomaji asidhani kwamba Kohod ni peke yake. Jakarta imezungukwa na maelfu ya viunga na vijiji vya namna hii, huko Tangerang, Bekasi, Depok na Bogor. Na miji mingine ya Java, kama Surabaya, Bandung, Semarang na Yogyakarta, nayo ina vyake. Si shamba kamili wala si mji kamili. Wataalamu wa jiografia walichukua maneno mawili ya Kiindonesia, desa yaani kijiji, na kota yaani mji, wakayaunga wakapata jina la desakota.

Katika nyumba moja ya kijiji hicho utamkuta baba akilima mpunga au akifuga samaki katika bwawa, binti akienda kwa zamu kwenye kiwanda cha viatu, na kijana akipakia abiria kwa pikipiki. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja chenye migomba, minazi, kuku na miti ya matunda. Mbele, wenye bahati wamejenga vyumba vitatu vinne vya kupangisha wafanya kazi wa kiwandani waliotoka mbali. Kuna msikiti mdogo, kuna makaburi ya wazee, kuna mfereji wa maji ambao wote huusafisha pamoja.

Basi hapo, mali ni nini? Kwa tajiri wa mjini mali ni bei ya kila mita ya mraba. Kwa mwenye kiwanja kile mali ni mboga ya jioni, ni karo ya mtoto, ni mahari, ni kodi ya vyumba inayomtunza atakapozeeka, ni kaburi atakalolazwa. Mshahara wa kiwandani waweza kukatika siku yoyote. Kiwanja hakimfukuzi mtu kazi. Ndiyo maana twasema kwamba kumnyang'anya mtu wa kijiji hicho ardhi yake ni kumnyang'anya chakula, bima na uzee wake kwa siku moja.

Na tusidhani kwamba ana ardhi nyingi ya kuchezea. Hesabu ya wakulima iliyofanywa na serikali ya Indonesia mwaka 2013 ilionyesha kwamba katika miaka 10 jamaa za wakulima zilipungua kutoka milioni 31 hivi hadi milioni 26 hivi. Jamaa zipatazo milioni 5 ziliacha kilimo! Waliobaki wakazidi kubanwa: wenye ardhi isiyofika nusu hekta walikuwa jamaa milioni 14 na zaidi mwaka 2013, na kufikia mwaka 2023 wakawa karibu milioni 17.

MAKABAILA WA ZAMANI

Ugonjwa huu una historia yake. Kampuni ya Kiholanzi iliyoitawala Batavia, ambayo ndiyo Jakarta ya leo, na baadaye magavana wa Kiholanzi na wa Kiingereza, waliuza ardhi kuzunguka mji ule kwa matajiri, pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake. Kabaila aliyenunua alipata haki karibu kama za sultani. Alidai sehemu ya mavuno, alidai siku za kazi bila malipo, na mkulima ambaye babu wa babu yake alizaliwa pale akawa mpangaji katika nchi yake mwenyewe.

Kisha mwaka 1870 Waholanzi wakatunga sheria ya ardhi, na pamoja nayo wakatoa tangazo kwamba ardhi yoyote ambayo mtu hakuweza kuthibitisha kuwa ni milki yake ni mali ya dola. Tazameni ujanja! Mkoloni anakuja na kalamu mahali ambapo watu wanajuana kwa miti, mifereji na makaburi. Anawaambia waonyeshe karatasi. Na kwa kuwa karatasi hawana, anachukua. Nasi wa Tanganyika twaujua sana mchezo huo. Mwaka 1923 sheria ya Mwingereza ilitangaza ardhi yetu yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa chini ya mamlaka ya Gavana. Wakoloni walikuwa na bendera mbalimbali, lakini darasa lao lilikuwa moja.

Wakulima wa Batavia hawakukaa kimya. Mwaka 1916 katika viunga vya Condet, watu walipokuwa wakipelekwa mahakamani kwa madeni ya kabaila na kunyang'anywa nyumba zao, mtu mmjoa jasiri aitwaye Entong Gendut aliwaongoza kukataa. Alipigwa risasi akafa. Wakubwa waliandika kwamba ni fitina. Wananchi waliandika moyoni kwamba ni shujaa.

Uhuru ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1945, na mambo mema yalifanyika. Katiba yao, kifungu cha 33, ilisema ardhi na maji na utajiri uliomo vitashikwa na dola kwa ajili ya neema kubwa kabisa ya umma. Mwaka 1958 sheria iliyafuta mashamba ya makabaila. Tarehe 24 Septemba 1960 ikapitishwa sheria kuu ya ardhi, ambayo ililifuta tangazo lile la 1870, ikasema raia wa Indonesia tu ndio watakaokuwa na umiliki kamili, na kwamba kila haki juu ya ardhi ina wajibu kwa jamii. Maneno mazuri! Sisi twayavulia kofia.

Lakini sheria ni jembe: lisiposhikwa na mkulima, hushikwa na mwingine.

JINSI KIJIJI KINAVYOLIWA

Kabaila wa leo haji na farasi wala mjeledi. Anakuja na ramani. Toka miaka ya 1980 miji mipya ya matajiri ilianza kujengwa pembeni mwa Jakarta, mmoja wao peke yake ukipangiwa hekta zipatazo 6,000. Kampuni ilipewa kibali cha eneo. Kibali kile si hati ya umiliki, na kwa maandishi mwenye shamba alibaki huru. Lakini kwa vitendo, kibali kikishatoka, nani mwingine atathubutu kununua? Mwenye shamba anabaki na mnunuzi mmoja tu, na penye mnunuzi mmoja bei huitaja yeye.

Halafu huja dalali. Dalali ni mtu wa pale pale. Anajua nani ana deni, nani ana mgonjwa, ndugu gani wamegombania urithi. Anaanza na yule aliye dhaifu. Shamba moja likiuzwa, huzungushiwa ukuta. Ukuta ukipita juu ya mfereji, maji hayafiki kwa jirani. Mpunga wa jirani ukikauka, dalali anabisha hodi: "Mzee, shamba hili sasa lina faida gani kwako?" Hivyo huyo naye anauza, na kwenye makaratasi imeandikwa kwamba aliuza kwa hiari.

Asiyeuza huandamwa na kodi. Kodi ya ardhi na majengo huko hukadiriwa kwa thamani ya ardhi. Jumba la kifahari likijengwa kando ya shamba, thamani hupanda, na kodi hupanda nayo. Lakini gunia la mpunga ni lile lile. Mkulima anatozwa kwa utajiri ambao hatauona mpaka siku atakayofukuzwa. Watu wa wilaya ya Pati, Java ya Kati, waliionja dawa hiyo mwaka 2025 walipotangaziwa ongezeko lililofikia asilimia 250. Walipopaza sauti ongezeko likafutwa, na hata hivyo tarehe 13 Agosti wakafurika barabarani kwa maelfu. Hapo tunajifunza kwamba mnyonge mmoja ni mnyonge, bali wanyonge elfu si wanyonge tena.

Anayeshikilia kabisa huambiwa kuna mradi wa taifa. Nje ya Yogyakarta, katika eneo la Temon wilayani Kulon Progo, ulijengwa uwanja wa ndege. Wakulima waliokataa fidia walielezwa kwamba fedha yao imewekwa mahakamani, wakaifuate huko. Kisha mwaka 2017 na 2018 mashine zikaja kubomoa. Fedha ikiwekwa mahakamani, sheria huhesabu kwamba mtu amelipwa. Amelipwa kwa bei ambayo hakuikubali, kwa shamba ambalo hakuliuza!

Na karatasi je? Wanakijiji wengi wana karatasi moja ya kale iitwayo girik, ambayo asili yake ni stakabadhi ya kodi ya ardhi. Baba alilipa, mtoto akalipa, wote wakaamini kwamba anayelipia ndiye mwenyewe. Kumbe siyo hati. Kanuni ya serikali ya mwaka 2021 iliweka miaka 5, yaani mpaka Februari 2026, karatasi hizo za kale ziandikishwe, la sivyo zisihesabiwe tena kuwa ushahidi wa umiliki. Tangazo la 1870 lilifukuzwa kwa mlango wa mbele mwaka 1960. Je, hatuoni kwamba linachungulia tena dirishani?

Kisha linganisheni na bahari ile ya Kohod. Walikuwako waliosema kwamba maji yale zamani yalikuwa mabwawa ya samaki, yakaliwa na mawimbi. Haya, tukubali. Sheria ya 1960, kifungu cha 27, inasema ardhi ikipotea, umiliki nao umekwisha. Na mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Indonesia ilifuta mpango wa kutoa haki za kumiliki maji ya pwani, maana ungewanyima wavuvi bahari yao. Kwa hiyo bahari ikila bwawa la maskini, haki yake imekufa pamoja na bwawa. Lakini kwa mwenye fedha, maji yale yale yanazaa hati mpya! Twauliza tena: hiyo ni sheria moja au ni sheria mbili?

KIJIJI KINAPOFUTWA JINA

Liko jambo moja jingine ambalo wengi hawalitazami. Kijiji cha Indonesia kina mali yake chenyewe: mashamba ya kijiji, soko, visima. Kinamchagua mkuu wake kwa kura. Sheria ya vijiji ya mwaka 2014 imekiongezea nguvu na kukipatia fungu la fedha kutoka hazina ya taifa. Hayo ni mema. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kijiji kikigeuzwa kuwa mtaa wa mji, mali yake yote yanakuwa ya wilaya au manispaa. Na mkuu wa mtaa hachaguliwi. Ni mtumishi anayeteuliwa na wakubwa. Basi siku mji unapofika, mwanakijiji mmoja mmoja hupoteza shamba, na kijiji kizima hupoteza mali na kura. Wanaita maendeleo. Sisi twaita kuliwa.

Mwenye shaka na atazame Condet, kule alikokufa Entong Gendut. Leo pamo ndani ya Jakarta. Palisifika kwa matunda yaitwayo salak, yenye ganda kama magamba ya nyoka. Miaka ya 1970 serikali ya jiji ilitangaza kwamba Condet ihifadhiwe, bustani zake na utamaduni wake. Tangazo halikuzuia nyumba. Bustani zilikwenda kipande kwa kipande, na salak ya Condet ikawa nembo ya jiji, imeshikwa na ndege kwenye sanamu. Tunda wamelitukuza, mwenye bustani wamemsahau. Kabaila alishindwa kumng'oa mkulima kwa bunduki mwaka 1916. Soko likamng'oa bila risasi.

WATASEMA

Watasema wengine kwamba aliyeuza aliuza mwenyewe, akapata fedha, akanunua pikipiki na kwenda Hija. Kweli, wako waliofanya hivyo, na Hija ni jambo la heri. Lakini fedha ya shamba huliwa mara moja na shamba hula watu vizazi. Na bei aliyolipwa mkulima si bei wanayouziana wenyewe kwa wenyewe baada ya ukuta kusimama. Faida iliyozaliwa na barabara ya serikali, yaani na jasho la wote, yaingia mfukoni mwa mmoja.

Watasema mji lazima ukue na watu lazima wapate nyumba na viwanda. Nani aliyekataa? Sisi si maadui wa viwanda, na binti yule wa kiwanda cha viatu ahitaji kazi yake. Lakini viwanja vya gofu na majumba yanayokaa bila watu yakingoja bei kupanda havimpatii nyumba mfanya kazi. Nyumba yake hasa ni kile chumba cha kupanga katika kiwanja cha mwanakijiji. Mkikifuta kijiji mmemfukuza na mfanya kazi.

Watasema serikali imegawa hati. Ni kweli, na haki iwe haki: toka mwaka 2017 hati zimetolewa kwa mamilioni, na wengi wamelala usingizi ambao baba zao hawakuupata. Tunasifu. Lakini hati peke yake ni mlango usio na komeo. Humlinda mtu na jirani mwizi. Haimlindi na mfereji uliozibwa, kodi iliyopandishwa, na mnunuzi aliye peke yake. Hata sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mashamba ya chakula iliacha mwanya kwa ajili ya "manufaa ya umma", na sheria ya mwaka 2020 ikaupanua kwa miradi mikubwa ya taifa. Ukiuliza umma ni nani, huonyeshwi mkulima.

MJI UWE MPANGAJI

Basi dawa ni nini? Twasema dawa imo katika sheria yao ile ile ya 1960. Sheria hiyo inaruhusu mtu kupewa haki ya kujenga juu ya ardhi ambayo ni milki ya mwingine, kwa mapatano na kwa muda. Kampuni inaweza kujenga, ikalipa kodi ya pango kila mwaka, na muda ukiisha ardhi ni ya mwenyewe. Kwa nini njia hiyo isiwe ndiyo kanuni katika vijiji vya pembeni mwa miji? Mji uwe mpangaji na kijiji kiwe mwenye nyumba! Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema sisi; huko mgeni amekuja na mwenyeji amehama.

Na mambo manne yafuate. Kwanza, kibali cha kampuni kisitoke mahali ambapo wanakijiji hawajaandikishiwa ardhi yao. Daftari la mnyonge liandikwe kwanza. Pili, mkutano wa kijiji, ambao sheria ya 2014 inautambua, uwe na neno la kukubali na la kukataa, wala si la kupiga makofi tu, na karatasi zote zisomwe hadharani. Lau karatasi za Kohod zingesomwa mbele ya wavuvi, nani angekubali kwamba bahari ni kiwanja? Tatu, shamba litozwe kodi kwa mavuno yake maadamu linalimwa. Nne, kijiji kikiingizwa mjini, mali yake ibaki mikononi mwa watu wale wale.

Msomaji ataliza: ya Java yatuhusu nini? Yatuhusu. Ni katika kisiwa kile, mjini Bandung, Aprili 1955, ambako nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana na kutamka kwamba ukoloni ni uovu ambao lazima ukomeshwe upesi. Sisi tulikuwa bado chini ya Mwingereza, na sauti ile ilitupa nguvu. Ndugu akiwa na dhiki, ndugu husema. Na miji yetu nayo inakua, nayo ina vijiji mlangoni.

Ukoloni ulipokuwa na sura ya mgeni, ilikuwa rahisi kuutambua. Ukija na sura ya jirani, na muhuri wa taifa letu wenyewe, na ahadi ya fedha taslimu, hapo ndipo penye kazi. Bendera hupandishwa siku moja. Ardhi hulindwa kila siku. Mvuvi wa Kohod alipoiona mianzi baharini alisema hapana, na taifa likamsikia. Wenye mashamba nao waseme hapana kabla ukuta haujafika, tena waseme pamoja.

Ardhi ni ya wanaoitumia. Daftari na liandikwe nao.